Kamba ya kumtembezea mbwa: kwa nini niliachana na ile ya kujikunja

Mkuu, nimesoma swali lako. Mbwa wa miezi 7, kilo 25 na bado anakua, anavuta sana, na muuzaji amekushauri uchukue kamba ya kujikunja, ile yenye kasha la plastiki na uzi wa mita 8 ndani. Nakuomba sana, achana nayo. Chukua kamba bapa ya kawaida, yenye urefu usiobadilika, mita 1.5 hadi 1.8, yenye klipu imara, kisha uifunge kwenye mkanda wa kifuani na siyo kwenye kola. Sababu zake nilizijua kwa uchungu, kwa hiyo niwie radhi nikirefusha maelezo.

Nilikuwa na dume langu, Tomi, kilo 30. Kwa miaka 2 nilimtembeza na kamba ya kujikunja na nikaiona nzuri. Yeye ananusanusa mbele kwa raha zake, mimi nafuata nyuma taratibu, kamba haiburuzwi kwenye tope. Jioni moja nikasimama kusalimiana na jirani. Tomi alikuwa kama mita 5 mbele yangu, ukingoni mwa barabara, na breki ya kasha sikuwa nimeifunga. Paka akachomoka majanini. Nikasikia springi inalia ndani ya kasha, nikabonyeza kitufe, kitufe kikaruka bila kushika, na mkono wangu wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye ule uzi. Uzi ni mwembamba kama kamba ya kiatu. Ulipita kati ya vidole vyangu kwa kasi ya mbwa anayekimbia. Mwanzoni sikusikia hata maumivu. Nilipofungua kiganja niliona mistari minne myeupe, mmoja kwenye kila kidole, na kufumba na kufumbua yote ikajaa damu. Mkono wa kulia nao ukaachia kasha.

Balaa lenyewe likaanzia hapo. Kasha likiachiwa halibaki chini. Springi inauvuta uzi ndani, kwa hiyo kasha linamkimbilia mbwa, linadunda na kugonga lami, na kadiri anavyoongeza mbio ndivyo nalo linavyomfuata kwa kelele zaidi. Tomi alishamsahau paka. Sasa alikuwa anakikimbia kitu kinachomfukuza na kilichofungwa shingoni mwake. Alivuka barabara bila kuangalia popote. Gari moja lilifunga breki likasimama karibu yake kabisa. Tulimpata baada ya saa 2, amejibanza kwenye mtaro, anatetemeka, kasha bado linaning'inia. Vidole vyangu vilipona baada ya wiki kadhaa. Yeye alichukua miezi mingi kabla hajaacha kushtuka kila akisikia kitu cha plastiki kikianguka sakafuni.

Wapo watu waliokatika kidole kabisa kwa sababu ya uzi wa namna hiyo, na ndiyo maana watengenezaji wenyewe huandika onyo kwamba usiushike wala usiuzungushe mkononi. Lakini mtu akiona mbwa wake anaelekea kwenye gari, mkono haungoji ruhusa. Kwangu mimi, kifaa kinachokutaka usifanye kile ambacho mwili wako utakifanya wenyewe wakati wa hatari hakifai kwa mbwa mwenye nguvu.

Kuna na suala la mwendo. Mbwa wa kilo 25 akipewa mita 8 za kuanzia mbio, anaweza kufikisha mita 5 kwa sekunde bila shida, na hizo ni kilomita 18 tu kwa saa. Kumsimamisha ghafla kwenye mwendo huo ni sawa na kuangusha mfuko wa kilo 25 kutoka urefu wa mita 1.3 huku mfuko umefungwa kwenye kiganja chako. Mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu hiyo inaongezeka mara 4, kana kwamba mfuko umetoka mita 5 juu. Na upande wa pili wa kamba kuna shingo. Kwenye kamba ya mita 1.5 mbwa hapati nafasi ya kuchanganya mwendo. Atavuta, ndiyo, lakini kuvuta na kugonga mwisho wa kamba kwa mbio ni vitu viwili tofauti kabisa.

Tena kamba ya kujikunja inamfundisha kuvuta. Muda wote springi inambana kidogo, na kila akisukuma mbele anapata kamba zaidi. Wewe unataka ajifunze kinyume chake, kwamba kamba ikilegea ndipo mnasonga mbele.

Sisemi hazina kazi popote. Kwa mbwa mdogo, mtulivu, mahali pa wazi palipo mbali na magari, ile yenye utepe bapa wote (siyo uzi) na iliyoandikiwa uzito mkubwa kuliko wa mbwa mwenyewe inaweza kufaa. Wa kwako hayumo humo.

Sasa kuhusu kamba utakayonunua. Nailoni ni imara, haiozi ikilowa, na inapatikana kila mahali, ila ikiteleza mkononi inaunguza, kwa hiyo tafuta iliyowekewa kitambaa laini kwenye kishikio. Ngozi ndiyo ninayoipenda mimi. Kadiri inavyozeeka inalainika na kukaa kiganjani vizuri, lakini inataka kupakwa mafuta, haipendi kulala imelowa, na mbwa mwenye meno ya ujana ataitafuna. Zipo pia za utepe uliofunikwa plastiki laini, ambazo unazifuta tu kwa kitambaa tope likashika njia, nzuri kwa anayetembea kwenye maji na matope. Mnyororo usinunue. Mzito, unagonga meno, na kidole kikinasa kati ya pete zake utajuta. Upana kwa mbwa wako uwe kama sentimita 2 hadi 2.5. Nyembamba inakata kiganja, pana sana inakuwa nzito bure.

Watu wengi huishia kwenye rangi na kishikio. Mimi nakuomba uangalie klipu kwanza, maana hapo ndipo kamba nyingi hukatikia. Miaka michache baada ya Tomi nilinunua kamba nene, ya kupendeza, utepe ambao ungeweza kuvuta gari. Siku moja jike langu, Duma, aliruka mara moja tu kumfuata ndege na nikabaki nimeshika kamba tupu. Utepe mzima, mshono mzima, klipu imevunjika vipande viwili pale kwenye shingo ya klipu yenyewe. Nilipoangalia ule mvunjiko, ndani palikuwa na chembechembe za kijivu kama sukari iliyogandamana. Ilikuwa madini ya bei rahisi yaliyomiminwa kwenye umbo na kupakwa rangi ya kung'aa. Bahati nzuri tulikuwa uwanjani, akarudi nilipomwita.

Tangu siku ile nachukua klipu ya shaba ya njano au ya chuma kisichoshika kutu, na naikagua hapohapo dukani. Ulimi wake unatakiwa ufunge bila kuacha mwanya, springi irudi yenyewe kwa nguvu kila ukiuachia, na sehemu ya kuzunguka izunguke bila kukwama, la sivyo kamba itajisokota. Ile ya kufungua kwa kubonyeza kidogo ni rahisi kutumia, lakini ikibanwa vibaya dhidi ya pete inaweza kujifungua, hasa mbwa akijibiringisha. Ile ya kuvuta kitufe kwa kidole gumba ina usalama zaidi, ingawa mchanga ukiingia ulimi unabaki wazi kidogo, kwa hiyo isuuze. Ukiona karabina (pete ya chuma yenye kilango cha springi) yenye kufuli la kuzungusha, ni nzuri, mradi iwe imetengenezwa kubeba mzigo. Vile vidogo vya kuning'iniza funguo havihusiki hapa.

Mshono uangalie pale utepe unapozunguka klipu na pale unapotengeneza kishikio. Nyuzi ziwe nyingi, zimeshonwa umbo la boksi lenye mkato wa msalaba ndani au mistari minene iliyojazana. Mstari mmoja mwembamba, rudisha.

Kwa nini mkanda wa kifuani? Mbwa anayevuta kwa kola anakandamiza koo lake kila hatua. Ile sauti ya kukoroma na kukohoa unayoisikia siyo tabia, ni njia ya hewa inabanwa. Mbwa wadogo wengi wana koo dhaifu linaloweza kulegea na kubonyea, na wenye pua bapa tayari wanahema kwa shida. Kuvuta kwa kola kunaongeza hata shinikizo ndani ya macho, jambo baya kwa mwenye ugonjwa wa macho. Mkanda wa kifuani unagawa nguvu hiyo kwenye mbavu na kifua. Kwa mvutaji kama wako, tafuta wenye pete mbili, ya mgongoni na ya mbele kifuani. Ukifunga kamba mbele, kila akivuta anageuzwa kukuelekea wewe, na mabega yako yatapumzika. Hakikisha hauminyi mabega wala kukwaruza makwapani, na vidole vyako viwili vipite chini yake kila mahali.

Mkanda usipomkaa vizuri atarudi kinyumenyume na kuuvua kama shati. Duma alinifanyia hivyo, maana ana kifua kirefu na kichwa chembamba kuliko shingo, na kola ya kawaida ndiyo kabisa, inapita masikioni bila kizuizi. Dawa yake ilikuwa kamba fupi ya ziada, kama sentimita 20, inayounganisha pete ya mkanda na kola, ili kimoja kikitoka kingine kishike. Mwenye mbwa mwoga au aliyechukuliwa kutoka mitaani asitoke nje bila hiyo. Kola yenyewe iendelee kubeba kibati chenye namba yako ya simu.

Kushika nako kuna namna yake. Usizungushe kamba kiganjani wala kifundoni, maana akiruka itakaza na hutaweza kuachia. Pitisha kidole gumba kwenye kitanzi cha kishikio, utepe ulale juu ya kiganja, kisha ufunge ngumi juu yake. Ukitaka kuifupisha, kunja mikunjo bapa ndani ya ngumi kama mtu anayekunja karatasi, siyo duara. Mkono wa pili ushike katikati ya kamba. Zipo zenye kishikio cha pili karibu na klipu, na mimi nazipenda sana kwa kuvukia barabara. Kamba za kufunga kiunoni waachie wakimbiaji wenye mbwa waliokwisha kufunzwa. Kilo 25 zikichepuka ghafla zitakuangusha kifudifudi. Na kama kuna lifti unakopita, kamba iwe fupi na mbwa awe ubavuni mwako kabla mlango haujaanza kufunga. Mlango ukijifunga mbwa yuko nje na kamba iko ndani, ananyongwa.

Unaweza kusema, sasa atapata wapi uhuru wa kukimbia? Nunua kamba ndefu ya pili, mita 10, ya mazoezi ya kumwita, uitumie uwanjani tu. Hiyo ifungwe kwenye pete ya mgongoni, kamwe isifungwe kwenye kola wala pete ya kifuani. Kitanzi cha mwisho kikate ili kisinase kwenye visiki, na vaa glavu. Angalia isipite nyuma ya miguu yako wala ya watu wengine.

Kamba za kunyonga na kola za miiba sizitumii na sitakushauri uzitumie, hata kama anavuta kiasi gani. Anavuta kwa sababu dunia ni mpya kwake na hajafundishwa. Simama kila kamba inapokaza, songa inapolegea, mpe kitu kitamu akiwa ubavuni. Siku za kwanza mtatembea hatua 20 kwa dakika 10. Vumilia.

Kila wiki pitisha vidole kwenye kamba yote, hasa sentimita 10 za mwisho karibu na klipu. Ukikuta nyuzi zimechanika, utepe umekakamaa au kuna alama za meno zilizoingia hadi katikati, badilisha siku hiyohiyo.

Kabla hujaenda dukani mpime kifua kwa utepe wa fundi nguo, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, pale palipo papana zaidi, na upime shingo pale inapokutana na mabega. Ukiniwekea vipimo hivyo hapa nitakusaidia kuchagua saizi, maana kwa umri wake itabidi uchukue mkanda wenye nafasi ya kulegezwa.