Barua kwa mwanangu: tangawizi, ginkgo na kizunguzungu chako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama tangawizi, pamoja na vidonge vya majani ya mti uitwao ginkgo alivyokupa rafiki yako, vinaweza kuondoa kizunguzungu kinachokushika kwa muda mfupi kila unapojigeuza kitandani, au kama sifa zake ni mazoea tu ya wazee.

Tangawizi haisifiwi bure. Mwaka 1986 watafiti wa Denmark waliwapa watu 8 wenye afya unga wake, wakawachokoza sikio kwa maji ili kizunguzungu kiwapate, nacho kikawa hafifu kuliko walipopewa dawa bandia, yaani kitu kisicho na dawa ndani cha kulinganishia. Hata hivyo, kuchezacheza kwa macho kunakoandamana na hali hiyo hakukubadilika, kwa hiyo yaelekea ilituliza hisia tu. Na watu 8, mwanangu, ni wachache mno kujengea hukumu.

Kuhusu ginkgo, utafiti wa mwaka 2014 uliwapa wagonjwa 160 ama dawa hiyo ama betahistini, dawa ya hospitali ya kizunguzungu, kwa wiki 12, na nafuu ikakaribiana. Wauzaji huishia hapo. Mimi nasita, kwa sababu hapakuwa na kundi la dawa bandia, ilhali kizunguzungu mara nyingi hupungua chenyewe. Isitoshe, ginkgo inaweza kuzidisha hatari ya kutokwa na damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin au aspirini.

Chako, kwa jinsi unavyokieleza, kinafanana sana na kile kinachotokea chembe ndogo za kalsiamu kabonati zinapobanduka mahali pake na kuingia katika mifereji ya sikio la ndani. Daktari atakugeuza kichwa upande mmoja, akulaze chali kwa haraka, kisha akutazame macho. Akithibitisha, atakizungusha kichwa hatua kwa hatua, akisubiri kidogo kila pembe, kwa njia aliyoieleza John Epley mwaka 1992, mpaka chembe zirudi zilikotoka. Sijui jani liwezalo kazi hiyo.

Kizunguzungu cha kusimama ghafla ni habari nyingine: huenda ni upungufu wa maji, wa damu, au dawa za presha. Kikija pamoja na uso kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, usichemshe chochote, kimbilia hospitali.

Tangawizi kunywa ukipenda, hasa kwa kichefuchefu. Vidonge usivimeze kwanza. Nenda navyo kwa daktari katika chupa yake.

Mama yako