Nyanya zinaungua mwisho wa masika: niongeze dozi?

SWALI: Habari za kazi, Bwana Shamba. Nina robo eka ya nyanya huku Lushoto. Masika inaelekea kuisha, lakini majani yana mabaka kama yamemwagiwa maji ya moto, na matunda mabichi yanageuka kahawia. Napuliza mankozebu mara mbili kwa wiki. Muuza dawa kaniambia nichanganye na dawa ya kantangaze pamoja na busta, ile mbolea ya kupuliza majanini, kwenye bomba moja. Sioni nafuu. Niongeze dozi?

JIBU: Usiongeze, ndugu yangu. Kila ikifika Mei naulizwa hivi hivi, na karibu kila mara muuza dawa yumo.

Huo ni ugonjwa wa baka jani chelewa. Geuza jani alfajiri kabla umande haujakauka. Ukiona utando mweupe kandokando ya baka, huna haja ya kuuliza tena.

Mankozebu ni kinga, si tiba. Inakaa juu ya jani na kuzuia vimelea visiote. Vilivyokwisha kupenya ndani haivifikii, hata ukimwaga pakiti nzima. Na jani lililochipua baada ya wewe kupuliza halina dawa yoyote. Mwenye kupuliza baada ya kuona mabaka, akitegemea yafutike, anatupa pesa. Zipo dawa zinazoingia ndani ya mmea, kama metalaksili, lakini nazo husaidia ugonjwa ukiwa bado mchanga, tena ukiirudia hiyo hiyo msimu mzima vimelea vinaizoea.

Sasa huo mchanganyiko. Kantangaze ni mdudu. Dawa yake haigusi baka jani, na busta haiponyi ugonjwa wowote. Umenunua vitu vitatu, kimoja tu ndicho kilichohusika, nacho kimechelewa. Wapo wanaokoroga dawa nne mpaka zinagandana ndani ya bomba, majani yakiungua wanasema ugonjwa umezidi!

Kazi yako wiki hii ni ya mikono. Ng'oa mashina yaliyoathirika vibaya, toa nje ya shamba na ufukie. Usiyaache kwenye matuta. Punguza majani ya chini yanayogusa udongo, funga mashina kwenye miti yasimame, upepo upite. Fanya hayo majani yakiwa makavu. Ukianza kumwagilia, mwaga kwenye shina, asubuhi, si juu ya majani jioni. Urea iache kwanza. Ndipo ukinge mashina yaliyobaki mazima, kwa kipimo cha lebo.

Wala usidhani mvua ikikatika umepona. Ugonjwa huu unataka baridi na jani lililolowa, na milima ya Usambara ina ukungu na umande wa kutosha Juni na Julai. Angalia na viazi mviringo vya jirani, maana kimelea ni kimoja, kile kile kilichoteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845. Kwa hiyo kitalu kijacho usikiweke palipokuwa na nyanya wala viazi. Panda maharage au kabichi hapo.

Linaloniudhi kuliko yote ni dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Haina jina, haina kipimo, haina tarehe, na hakuna anayejua zipite siku ngapi kabla ya kuchuma. Watu wanapuliza Jumatatu, Jumanne wanachuma kuwahi gulio, na mlaji anaifuta nyanya kwenye shati na kuitafuna. Viuatilifu vinasajiliwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na lebo imeandikwa siku za kusubiri. Muuzaji akikosa kukuonyesha pakiti yenye lebo, mwachie dawa yake. Akisema "hii ni kiboko, inaua kila kitu", ondoka haraka zaidi.