Muulize Mwalimu: Habari za nyota zinazoshukia Ngomeni

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwendesha bodaboda, kituo changu kipo Gongoni, kaskazini ya Malindi. Juzi nilimpeleka abiria Ngomeni, njiani akaniambia yale madishi makubwa ya Waitaliano hupokea habari za nyota zilizolipuka mbali huko. Akasema pia kuna siku wanasayansi hutangaza mlipuko, kesho yake wanasema haukuwepo. Nikamwambia basi hao ni kama madalali wa mashamba. Nani kati yetu mkweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Abiria wako kasema kweli. Wewe umewaonea wanasayansi; madalali siwatetei.

Ipo setilaiti ya Marekani iitwayo Swift, iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004. Waingereza na Waitaliano wana mkono wao ndani yake, na sehemu ya mchango wa Waitaliano ni hicho kituo cha madishi cha Ngomeni. Swift ikipita juu ya pwani hii, hushusha hapo data ilizokusanya. Kwa hiyo kila ukipita na pikipiki yako kando ya zile chungu za chumvi, huenda juu ya kofia yako zinapita habari za nyota iliyokufa kabla Dunia haijaumbwa.

Kazi yake kubwa ni kuvizia milipuko ya miale ya gama, yaani mwanga usioonekana wenye nguvu kupita eksirei. Miale hiyo haifiki huku chini, hewa huizuia. Tena ni mikali mno, haikusanywi kwa kioo wala lenzi ya kawaida. Wahandisi wakatumia ujanja wa kivuli: juu ya vipokezi wametandaza vipande kama 52,000 vya madini ya risasi, vimepangwa shaghalabaghala kwa makusudi. Chukua chekeche ya mama, ishike juani uangalie sakafuni. Jua likihama, vile vidoa vya mwanga navyo huhama. Kompyuta ya Swift husoma vidoa vya namna hiyo, ikajua miale imetokea upande gani. Kisha setilaiti hujigeuza yenyewe, bila kungoja amri ya mtu, na kwa dakika moja au mbili hivi huwa imeelekeza hapo darubini zake nyingine mbili, ya eksirei na ya mwanga wa kawaida pamoja na urujuanimno, ule mwanga wa jua usioonekana unaochoma ngozi.

Haraka yote hiyo ni ya nini? Milipuko ile mifupi haifiki hata sekunde 2. Ukipiga chafya, umeikosa. Kinachobaki ni mng'ao unaofifia kama kaa lililotolewa jikoni, na humo ndimo wataalamu wanamosoma mlipuko ulikuwa umbali gani na ulisababishwa na nini. Ndiyo maana Swift hutuma habari mara mbili. Kwanza kijitaarifa kifupi, kupitia setilaiti nyingine, papo hapo. Data kamili hufuata baadaye, nyingi zikishukia huko Ngomeni. Watu wa darubini duniani kote hugeuza vyombo vyao kwa kile kijitaarifa cha kwanza. Ungojee uhakika, kaa limeshazimika.

Sasa nikupe kisa ambacho mimi mwenyewe kiliniumbua. Usiku wa kuamkia Jumatano, 28 Mei 2014, saa sita na dakika 21 kwa saa zetu, Swift ilipiga kengele: kuna kitu Andromeda. Hiyo ni galaksi jirani, yaani kundi kubwa la nyota kama hili letu, umbali wa miaka nuru milioni 2.5 tu (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Kwa majirani kama hao Swift imeelekezwa isipuuze hata dalili hafifu. Darubini ya eksirei ikageuka, ikakuta chanzo cha eksirei kinang'aa. Wataalamu wakaandika taarifa ya mwanzo, na kwenye mitandao watu wakaruka moja kwa moja: nyota mbili za nutroni, yale mabaki mazito ya nyota zilizolipuka, zimegongana! Mwanafunzi wangu wa zamani aliye ng'ambo akanitumia ujumbe. Asubuhi nikasimama mbele ya Kidato cha Nne nikatangaza kwa kifua mbele. Nikachora ubaoni hadi zile nyota mbili, zikiwa na mishale.

Haikupita siku nzima, taarifa ya pili ikatoka. Data kamili zilipochambuliwa, kile chanzo kilionekana kuwa kitu cha siku zote, kinachojulikana, na mwangaza wake haukuwa umezidi kawaida. Hesabu ya kwanza ilifanywa kwa data ghafi za eneo zima, na huenda ilijumlisha vyanzo vingine vya Andromeda. Isitoshe, umeme ulikuwa umekatika kwenye kituo cha Goddard cha NASA, shirika la anga la Marekani, kwa hiyo uchunguzi wa kawaida ukachelewa. Ndiyo, mwanangu, huko nako umeme hukatika.

Mimi nilifuta ubao. Lakini angalia: waliotangaza ndio waliosahihisha, hadharani, na hawakuwahi kuandika kuwa nyota zimegongana. Hilo tuliongeza sisi. Dalali gani amewahi kukurudia jioni akakwambia shamba lile si langu?

Mgongano wa kweli ulikuja 17 Agosti 2017, umbali wa miaka nuru milioni 130. Miale ya gama ilifika sekunde 1.7 baada ya mawimbi ya uvutano, ule mtikisiko wa anga ambao mgongano kama huo huuzusha. Swift wakati huo ilikuwa imezibwa na Dunia, hivyo setilaiti nyingine, Fermi, ndiyo iliyoiwahi. Swift ilipotokea ikakuta mng'ao wa urujuanimno bado upo.

SWALI: Je, milipuko hiyo inaweza kuonekana kwa macho matupu? (Msomaji wa kike, Mambrui)

JIBU: Mmoja uliweza, binti yangu. Tarehe 19 Machi 2008, mwanga uliosafiri miaka nuru bilioni 7.5 ulifikia kiwango cha kuonekana bila darubini, kwa kama nusu dakika, mahali penye giza totoro. Huku kwetu ilikuwa saa tatu na dakika 12 asubuhi. Jua kali, nami nimo darasani, chaki mkononi, dirisha wazi.