Jibu: Atropini ya sarini na ya dawa ya nyanya ni ileile?

Mkuu, umeuliza kama kweli atropini, dawa ya sindano wanayobebeshwa askari dhidi ya sarini, gesi ya sumu ya kivita, ndiyo hiyohiyo anayochomwa mkulima wa Ilula aliyezidiwa na dawa ya kuulia wadudu wa nyanya. Ndiyo, ikiwa dawa hiyo ya wadudu ni ya kundi la oganofosfeti, yaani kemikali za jamii moja na sarini. Sarini yenyewe iligunduliwa Ujerumani mwaka 1938 na wakemia waliokuwa wakitafuta viuatilifu. Sarini na dawa hizo za wadudu hukizuia kimeng'enya kinachozima ishara za neva, ndiyo maana mtu hutokwa mate na jasho, mboni husinyaa, mapafu hujaa majimaji. Atropini huyakausha mapafu; dawa nyingine, pralidoksimu, hukifufua kimeng'enya, ila lazima iwahi.

Kinachoniuma ni mgonjwa kukimbizwa hospitali na nguo zilezile zilizolowa sumu. Tokyo mwaka 1995, sarini ilipoachiliwa kwenye treni za chini ya ardhi, baadhi ya wahudumu wa hospitali waliathirika kwa mvuke uliotoka kwenye nguo za wagonjwa. Vaa glavu, mvue, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, kisha mwahishe. Usimtapishe, usimnyweshe maziwa. Na lebo ya dawa usiiache shambani, daktari akiiona hapotezi muda kubahatisha.