Yanayosomeka Lamu Yasome Lamu: Ushauri kwa Anayekwenda Hispania Kujifunza Kihispania

Kila msimu wa wageni unapopoa, wadogo zangu wa Lamu na Shela hunijia na swali lile lile: Dada, nataka kwenda Hispania nikakae na wenyewe mpaka lugha iniingie, nianzie wapi? Wengi washapata shule mtandaoni, washapiga hesabu, wanaona kilichobaki ni tikiti tu. Jibu langu halibadiliki. Yanayosomeka Lamu yasome Lamu. Mwezi mmoja wa ada, chumba na chakula kule si pesa ya mtu mmoja. Ni akiba yako, mchango wa mjomba, na pengine mkufu wa mama uliokwenda kwa sonara. Pesa hiyo haifai kukufundisha kuhesabu moja mpaka kumi. Hayo yako kwenye simu yako, bure, hapo hapo ulipokaa barazani.

Nasema haya kwa sababu nimeyapitia. Kazi yangu ni mapokezi katika nyumba ya wageni Shela, na nilikwenda kusoma Granada, kusini mwa Hispania, nikikaa nyumbani kwa mama mmoja mtu mzima na binti yake. Shule nyingi za aina hii hufundisha vipindi 20 kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, na mara nyingi ni asubuhi. Ukitoka darasani mchana, siku ndiyo kwanza inaanza. Lugha yenyewe iko jikoni, iko ndani ya basi, iko kwa muuza matunda, iko kwenye ngazi anapokusimamisha jirani. Huko ndiko ulikolipia kwenda. Aliyefika bila vitenzi hukaa kwenye meza ya chakula akitabasamu, wenyeji wanachoka kumfanyia ishara, kisha mmoja anakumbuka Kiingereza chake cha shule, na mambo yanaishia hapo. Niliwaona wanafunzi wa namna hiyo wakimaliza kozi nzima kwa Kiingereza, na iliniuma, maana baadhi yao walikuwa na vichwa vyepesi kuliko sisi wengine.

Miezi minne au mitano kabla ya safari, nusu saa kila siku, itakufikisha mahali pazuri. Shika vitenzi vya kila siku katika wakati uliopo na uliopita, namba mpaka elfu, maneno ya kuulizia, na matumizi ya ser na estar, vitenzi viwili vyenye maana ya kuwa. Mswahili ana pa kuanzia. Irabu za Kihispania ni tano zile zile zetu, na kila moja ina sauti yake isiyoyumba. Kitenzi hubeba mtenda ndani yake: hablo, nasema, hablamos, twasema, hakuna haja ya kutanguliza mimi wala sisi. Na aliyekua na ngeli, akasema kitabu kizuri na vitabu vizuri bila kufikiri, haoni ajabu libro bonito ikigeuka libros bonitos. Matamshi nayo yana nafuu. Ile j yao ni kh ya Khamis, z ya Hispania ni th ya thelathini, na aliyepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani sauti hizo anazo tayari.

Jihadhari na jambo moja. Programu nyingi za simu zinafundisha Kihispania cha Amerika ya Kilatini, ambako vosotros, yaani ninyi, haitumiki. Ukiwa Hispania utaisikia kutwa, maana ndivyo wanavyoambiana watu waliozoeana wakiwa zaidi ya mmoja, kwa hiyo itafutie kitabu au mwalimu. Halafu Granada iko jimbo la Andalusia, na Mwandalusia humeza s ya mwisho: más o menos hutoka kama ma o meno. Mtu aliyesoma kwa sauti safi za simu husikia hivyo akadhani amefika nchi nyingine. Dawa yake ni sikio. Wiki kadhaa kabla hujaondoka, fungua Canal Sur Radio, redio ya Andalusia, kwenye intaneti, iache iseme ukipika au ukifua. Usijali kwamba huelewi. Unachotafuta ni kuzoea mwendo wao, wapi wanavuta pumzi, wapi wanakata, ili ukifika masikio yasianze kazi siku ile.

Mazoezi ya kusema tunayo hapa hapa. Agosti ni mwezi wa likizo kwa Wahispania na baadhi yao hufika kwetu. Wasalimu kwa lugha yao, waombe wakusahihishe, na usikimbilie Kiingereza neno likikwama. Ndugu zetu wa Malindi waliozoea Kiitaliano wana mwendo wa haraka zaidi, ila wajichunge: burro kwa Mwitaliano ni siagi, kwa Mhispania ni punda, largo kwa mmoja ni pana, kwa mwingine ni ndefu. Kiitaliano kitakusaidia sana kuelewa, lakini ukianza kusema kinaweza kukuponza.

Kuna zoezi moja ninalolipenda kuliko yote. Andika habari zako mwenyewe kwa Kihispania, ukurasa mmoja au miwili: wewe ni nani, wazazi wako wanafanya nini, kisiwa chenu kikoje, mnasalije, mnakula nini. Kisha zikariri kwa sauti ukitembea ufukweni kutoka Lamu kwenda Shela, maji yakiwa yametoka. Njia ile ni kama kilomita tatu, inatosha kuzisema zote na kurudia. Nakwambia hivi kwa sababu ukitaja Kenya watakuuliza simba na Wamasai, na ukiwa huna maneno utaitikia tu ndiyo, ndiyo. Ukiwa nayo utawaeleza mji wenye vichochoro ambavyo punda wawili hupishana kwa taabu, milango ya kuchonga, Maulidi, majahazi, na meza nzima itanyamaza kukusikiliza. Granada wana mtaa unaoitwa Albaicín, vichochoro vitupu vya kupanda na kushuka, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1994. Mji wetu wa kale uliingia mwaka 2001. Niliposema hivyo mezani, yule mama aliagiza nimwonyeshe picha, na mazungumzo yakapita usiku wa manane.

Sasa jikoni. Hapa natulia kidogo, kwa kuwa hapa ndipo Muislamu wa kwetu hubabaika na tovuti za shule hazisemi mengi. Fomu ya kuomba familia huwa na nafasi ya kuandika chakula usichokula. Usiandike neno halali pekee ukadhani limeeleweka. Andika sentensi kamili: No como cerdo ni nada cocinado con cerdo, y no bebo alcohol. Sili nguruwe wala chochote kilichopikwa na nguruwe, na sinywi pombe. Sehemu ya pili ndiyo muhimu. Huko dengu hupikwa na soseji ya chorizo ndani, supu ya mboga hutiwa vipande vya jamón, paja la nguruwe lililokaushwa, kwa ladha, na mwenyeji mwema kabisa anaweza kukutolea nyama pembeni akaona kazi imekwisha.

Jioni ya kwanza, mwenyeji wangu aliniita jikoni, akafungua kabati na friji, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja. Alivaa miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, akageuza kila pakiti kusoma maandishi madogo ya nyuma. Mchemraba wa supu: caldo de jamón, ukawekwa kando. Biskuti za unga zinazoitwa polvorones: manteca de cerdo, mafuta ya nguruwe, kando. Samaki tuna wa kopo kwenye mafuta ya zeituni: hii sawa. Akanigeuzia mimi pakiti inayofuata nisome kwa sauti. Tulimaliza rafu nzima hivyo, na asubuhi yake dukani nilijua kusoma kila nilichokishika. Muombe mwenyeji wako mfanye jambo hili siku ya kwanza. Watu wengi hawachukii kuulizwa. Wanachukia kugundua wiki ya pili kwamba mgeni amekuwa akiacha chakula kwa kuona haya. Mpwani anafundishwa kutomsumbua mwenye nyumba, na ni adabu nzuri, lakini kule kunyamaza hufasiriwa kwamba umeridhika.

Nyama yako mwenyewe utaipata: tafuta duka lenye kibao cha carnicería halal, yaani bucha ya halali. Samaki hawana shida, na Waandalusia wanajua kuwakaanga. Uliza tu mafuta yamekaangia nini kabla. Ukichagua kulipia media pensión, yaani kifungua kinywa na mlo mmoja, unabaki na nafasi ya kujitafutia mlo wa tatu. Chakula cha mchana ni saa nane au saa tisa, cha usiku saa tatu hadi saa nne, na katikati maduka mengi hufunga. Beba tende.

Swala ipangie mapema, hasa ukienda kiangazi. Sisi jua letu huzama karibu saa ile ile mwaka mzima. Granada mwezi wa Juni jua huzama kama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo Magharibi huja wakati familia iko mezani, na Isha inakaribia usiku wa manane. Mweleze mwenyeji kwamba utainuka dakika chache kisha utarudi, na jifunze kulisema hilo kwa Kihispania kabla hujapanda ndege. Msikiti mkuu wa Granada ulifunguliwa mwaka 2003 huko huko Albaicín, karibu na uwanja wa San Nicolás, unatazamana na Alhambra, kasri kongwe la wafalme wa Kiislamu. Nenda Ijumaa, utasikia Kihispania cha watu wazima, cha polepole, nje ya darasa. Soma pia historia kidogo, maana kila tarehe 2 Januari mji huadhimisha siku ulipotwaliwa kutoka kwa Waislamu mwaka 1492, na wenyeji wenyewe hubishana juu ya sherehe hiyo. Ukiijua unaweza kusikiliza vizuri na kuuliza vizuri.

Wanasalimiana kwa kugusanisha mashavu mara mbili, hata mwanamume na mwanamke wasiojuana. Dada zangu, mkono wa kulia kifuani, tabasamu, na encantada, yaani nimefurahi kukujua. Nilifanya hivyo kila mahali na hakuna aliyeona nimemdharau.

Karatasi nitazipitia upesi. Kozi ya siku 90 au pungufu ni viza ya Schengen, ile ya muda mfupi inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Inayozidi hapo ni viza ya mwanafunzi, ambayo ina nyaraka nyingi zaidi. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla, ila wewe usisubiri hata mwezi wa mwisho. Bima lazima ifikie angalau yuro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu zaidi ya siku ya kuondoka kule, na kurasa mbili tupu. Kwa sisi watu wa visiwani tatizo kubwa ni kuthibitisha kwamba tutarudi, kwa kuwa nahodha au mpishi hana barua ya mwajiri wala hati ya mshahara. Kusanya mapema leseni ya biashara ya kaunti, karatasi za BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, kama uko baharini, taarifa za benki zilizopigwa muhuri, hati ya nyumba ya familia. Na kwa kuwa maombi ni Nairobi, weka nauli ya kwenda huko kwenye bajeti tangu mwanzo.

Ukienda kati ya Novemba na Machi beba nguo za baridi ya kweli. Granada iko takriban mita 700 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Sierra Nevada yenye theluji, na nyumba za kule hazina joto unalolifikiria. Simu ya nyumbani ipangie saa moja kwa siku, isizidi. Tofauti ya saa ni moja kiangazi na mbili majira ya baridi, kwa hiyo ni rahisi sana kushinda kutwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo huku mwenyeji wako yuko sebuleni peke yake.

Kata tikiti ikufikishe Jumamosi, kwa sababu Jumatatu asubuhi kuna mtihani wa kukupangia darasa na hutaki kuufanya ukiwa na usingizi wa ndege. Kutoka Madrid basi la Granada huchukua kama saa tano, na tikiti ya Alhambra inunue mtandaoni kabla, kwa namba ya pasipoti. Kwenye mtihani ule jibu unachokijua na uache wazi usichokijua. Usibahatishe, wala usiombe upandishwe darasa kwa ajili ya rafiki. Darasa likikuzidi, mwambie mwalimu siku hiyo hiyo akushushe, kwa maana wiki moja ya kutoelewa ni pesa ya mjomba imekwenda.