Mi nasema Neneh Cherry, na sio kwa 7 Seconds tu

Mmeuliza wiki hii ni mwanamuziki gani watu wanamjua kwa wimbo mmoja wakati ana makubwa zaidi, jibu langu ni Neneh Cherry wa Sweden. Ukimtaja huku kwetu unaambiwa aah, yule wa 7 Seconds na Youssou N'Dour wa Senegal, 1994, basi. Na ule wimbo ni mkali sibishi, Youssou anafungua kwa Kiwolofu, alafu dada anaingia taratibu kama anaongea na mtu mmoja tu.

Ila jamani mjue katokea wapi. Kazaliwa Stockholm 1964, baba mzazi Ahmadu Jah mpiga ngoma wa Sierra Leone, mama yake Moki msanii Msweden, na aliyemlea ni Don Cherry, yule mpiga tarumbeta Mmarekani aliyepiga na nguli wa jazi Ornette Coleman. Yaani jazi kaikuta nyumbani, wameishi kwenye jengo lililokuwa shule huko kijijini Tågarp, Sweden, na wanamuziki wanaingia wanatoka. Mtu wa hivyo akaenda London bado binti mdogo, akaingia kwenye bendi za panki, 1988 akaachia wimbo wa Buffalo Stance, anarap anaimba humohumo, akapanda Top of the Pops, kile kipindi cha muziki cha TV ya BBC Uingereza, ana mimba ya miezi saba, nguo imembana, tumbo liko mbele na anacheza kama kawaida! Kwa wakati ule, huo ulikuwa ujasiri hasa.

Kinachoniuma ni wanaosema alipotea. Kweli baada ya albamu ya Man ya 1996, albamu yake mwenyewe iliyofuata ilikuja 2014, lakini katikati alikuwa anapiga muziki, alikuwa na bendi ya CirKus pamoja na mumewe Cameron McVey, alafu 2012 akafanya kitu ambacho staa wa pop mwenye hesabu za chati hakigusi, akaingia studio na The Thing, watatu wa jazi huru, ile ya kubuni papo hapo, saksafoni ya Mats Gustafsson inakoroma na kupasuka na yeye anaimba ametulia juu yake, hapigi kelele kushindana nayo. Sikilizeni wimbo wa Dream Baby Dream kwenye albamu waliyotoa pamoja, The Cherry Thing. Mi naona hiyo The Cherry Thing ndo kazi yake bora kuliko zote, hata kuliko albamu yake ya kwanza Raw Like Sushi, na humo kaimba Golden Heart ya Don Cherry, mzee aliyefariki 1995. Asiyemjua aanzie hapo.