Tarehe ndiyo iliyoniingiza majini

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Ukishavuka miaka 55, kuna haja gani ya kushindana? Mazoezi si yanatosha?" Mimi nina miaka 62, ni muuguzi mstaafu, naishi Nyegezi hapa Mwanza. Mazoezi hayakunitosha. Mazoezi mtu unajichagulia mwenyewe, na mimi miaka yote nilichagua yale niliyokwisha kuyaweza. Kilichonibadilisha ni mashindano yenye tarehe yake, ya traiathloni, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mkupuo mmoja.

Baiskeli nilikuwa naiweza. Nilipoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1980 nilipewa Phoenix yenye keria, nikawa nazunguka vijiji vya Magu na sanduku la chanjo nyuma. Masika lile tope jeusi la mbugani linaganda kwenye matairi mpaka unaibeba baiskeli iliyotakiwa kukubeba wewe. Kukimbia nilianza baada ya kustaafu, alfajiri, polepole, wala sina hadithi nayo.

Tatizo lilikuwa maji. Nimezaliwa Ukerewe, kisiwani, na nilifika miaka 60 bila kujua kuogelea. Anayeshangaa hajakulia kisiwani. Kaka zangu walijitosa tangu wadogo. Sisi wasichana mwisho wetu ulikuwa magotini, na ndoo kichwani. Halafu ikaja Mei 21, 1996, MV Bukoba ikapinduka ikiwa imebakiza kidogo tu kufika Mwanza. Walikufa mamia. Wiki ile nilikuwa zamu, na hapo sitaongeza neno. Tangu siku hizo nikipanda kivuko kwenda kwetu nakaa katikati kabisa, nageukia watu, sitazami nje.

Basi vijana ninaokimbia nao wakasema wataandaa traiathloni ndogo pale Luchelele: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5, mfululizo, na saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu. Ni nusu ya ile iliyoingia Olimpiki Sydney mwaka 2000. Nikaandikisha jina kwa kuitegemea baiskeli, nikidhani kwenye maji mtu mzima atatafutiwa namna. Hakuna namna. Nilikuwa na miezi saba.

Mwalimu wangu alikuwa mvuvi wa dagaa, rika la kitinda mimba wangu. Siku ya kwanza aliniambia, "Samahani mama, mbona unayapiga maji kama unafukuza kuku?" Wiki tatu nzima kazi ilikuwa moja: kuzamisha uso na kutoa pumzi humo humo majini. Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo hayakubebi kama ya bahari. Ukiinua kichwa kwa woga, miguu inazama. Na chini hakuna mstari wa kukuongoza kama kwenye bwawa la hoteli, ni ukijani mtupu. Kila baada ya mikono kumi unainua macho kidogo kutafuta alama yako nchi kavu. Alama yangu ilikuwa jiwe, maana kwa mawe Mwanza hatujapungukiwa. Tulikuwa tunaingia asubuhi na mapema, kabla upepo haujageuka kutoka ziwani na kuleta mawimbi. Kuhusu mamba na viboko, waulize wavuvi, usiulize watu wa mjini.

Mnisamehe niongee kiuuguzi kidogo. Kichocho kipo. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye magugu ya kandokando, na vijidudu vyao hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kwa hiyo ingia mbali na matete na usikae ukingoni kupiga soga. Ukishakuwa mtu wa kuingia ziwani, kapime na unywe prazikuanteli, lakini siyo jioni ile ile, kwa sababu dawa hiyo inaua minyoo iliyokomaa na michanga inapona. Subiri wiki sita hadi nane. Na kabla ya yote pima moyo na presha. Vifo vinavyotokea kwenye mashindano haya, sehemu kubwa hutokea majini.

Uzee wenyewe? Upo, sikatai. Pumzi inarudi vizuri tu. Kinachochelewa ni misuli. Kijana anaogelea Jumanne, Jumatano anakimbia. Mimi nikijituma Jumanne, mwili unanidai mpaka Ijumaa. Nimejifunza kulipa deni hilo kwa kulala.

Siku yenyewe tulikuwa 11. Nilijifariji kwamba hata ile ya kwanza ya masafa marefu kule Hawaii, mwaka 1978, walianza watu 15 tu. Katikati ya maji, kwenye dumu la pili la njano lililowekwa kama boya, nilisimama kuogelea. Niligeuka chali, nikatazama mbingu, na nikawakumbuka wale wa 1996. Yule mvuvi alikuwa pembeni kwenye mtumbwi. Hakunishika wala hakusema kitu, aliacha tu kupiga kasia. Nikageuka tena.

Nilipotoka nchi kavu nikawaona wanawake wenzangu wa kanisani wamejipanga, nikajifunga kanga juu ya taiti haraka haraka, nikapanda baiskeli nayo. Haikufika mita mia mnyororo ukaimeza. Kuinasua kulinila dakika nyingi kuliko ningezipoteza kwa kuogelea vibaya. Kanga ile ilikuwa ya doti mpya!

Wifi yangu aliniuliza kama sioni aibu kuingia mwisho mbele ya watu. Nikamsimulia habari za Sista Madonna Buder, mtawa wa Marekani, aliyemaliza kilomita 3.8 za maji, 180 za baiskeli na 42 za kukimbia mwaka 2012, akiwa na miaka 82. Wifi akajibu kwamba yule hana wajukuu wa kupikia. Hapo alinishinda.

Kwenye matokeo walitupanga kwa rika, miaka mitano mitano. Wanawake wa miaka 60 hadi 64 nilikuwa wa kwanza. Mjukuu wangu alikwenda kuitangaza habari hiyo shuleni. Hakusema tulikuwa wangapi, na mwalimu wake hakuuliza.